Taa za UVB za nyumbani kwa soriasisi ya majira ya baridi: ya mkononi, paneli au yenye mabawa?

Soriasisi ni ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, na UVB, sehemu ya mwanga wa urujuanimno wa jua, huutuliza. Taa ya mkononi ya wati 9 inamtosha mwenye soriasisi ya viwiko, magoti na ngozi ya kichwa. Mabaka yakishatapakaa mgongoni, tumboni na mapajani, taa hiyo itamchosha kabla haijamsaidia. Huyo anahitaji paneli ndefu ya kusimama mbele yake. Na yeyote kati ya hawa wawili asinunue taa ambayo karatasi yake haitaji nguvu ya mwanga kwa miliwati kwa kila sentimita ya mraba. Bila namba hiyo hakuna dozi, kuna kubahatisha tu, na kubahatisha na UVB kunaunguza.

Kwanza, kwa nini baridi. Dar es Salaam na Mombasa zina UVB mwaka mzima, na mtu huipata akienda sokoni au akisubiri daladala bila hata kuifikiria. Kaskazini mambo ni mengine. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1988 vilionyesha kwamba Boston, iliyo nyuzi 42 kaskazini, jua la Novemba hadi Februari halina UVB ya kutosha hata kutengeneza vitamini D kwenye ngozi. Edmonton ya Kanada, nyuzi 53, ukame huo unaanza Oktoba na kuishia Machi. Ongeza nguo nzito na hewa kavu ya hita, na si ajabu mabaka yaliyotulia kiangazi yakarudi Novemba. Kukaa dirishani hakusaidii, maana kioo cha kawaida huzuia UVB na kupitisha sehemu kubwa ya UVA, urujuanimno wa mawimbi marefu zaidi.

Taa zote zinazozungumzwa hapa hutumia UVB ya ukanda mwembamba, yaani mwanga uliokusanyika kwenye nanomita 311 hivi. Chaguo hilo lina sababu. Mwaka 1981 Parrish na Jaenicke walipima mawimbi mbalimbali kwenye mabaka ya soriasisi: yale ya kati ya nanomita 304 na 313 yalisafisha ngozi, na ya nanomita 290 kushuka chini yaliunguza bila kusafisha. Philips wakatengeneza tyubu inayotoa zaidi sehemu ile yenye faida. Msimbo wake ni 01, na hadi leo ndiyo iliyomo katika taa nyingi za hospitali na za nyumbani.

Msimbo huo usome kwa macho yako mwenyewe kwenye tyubu, usiuamini uliochapwa kwenye boksi. Taa ya mkononi hutumia tyubu iitwayo PL-S 9W/01, yenye pini mbili za aina ya G23. Kitako hichohicho kinapokea PL-S 9W/10, ambayo ni UVA. Kinapokea PL-S 9W/12, ambayo ni UVB ya ukanda mpana na inaunguza kwa dozi ndogo zaidi. Na kinapokea TUV PL-S 9W, ambayo ni UVC ya nanomita 254, taa ya kuulia vijidudu, inayojeruhi macho na ngozi kwa muda mfupi. Zote zinaingia, zote zinawaka, na kwa jicho la kawaida zote zina mwanga wa samawati unaofanana. Anayeuza taa iliyotumika na kubadilishwa tyubu anaweza asijue alichoweka. Kama herufi kwenye kitako zimefutika, tyubu hiyo haifai kugusa mwili wa mtu.

Kuna vitu vitatu vinavyonunuliwa kimakosa kila baridi ikiingia. Taa nyeupe ya kutibu huzuni ya majira ya giza haina UVB, na ikiwa imetengenezwa vizuri haina UV kabisa. Taa ya kukaushia rangi za kucha ni UVA na mwanga wa zambarau. Kitanda cha solariamu, cha kukoza rangi ya ngozi, hutoa UVA kwa sehemu kubwa sana, na UVB yake kidogo haina kipimo kinachoaminika. Tangu 2009 shirika la utafiti wa saratani la WHO limekiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Anayekwenda solariamu kutibu soriasisi anabeba hatari nyingi kwa dawa kidogo.

Tuanze na taa ya mkononi, maana ndiyo inayonunuliwa na wengi. Zipo za majina mengi: Dermalight 90, DermaPal, KN-4003 ya kampuni ya Kernel ya Xuzhou nchini China, na nyinginezo. Umbo lake ni mpini wenye dirisha dogo, waya, taima, na kitana cha plastiki kinachochomekwa mbele ya dirisha. Kitana hicho kina kazi mbili. Kichwani kinapanua nywele. Mwilini kinashikilia umbali, na hiyo kazi ya pili ndiyo muhimu zaidi ingawa watu huitupa kando. Mkono unaotetemeka au unaochoka husogeza taa sentimita mbili tatu, na kwa dirisha dogo namna hii sentimita mbili zinabadilisha nguvu ya mwanga vya kutosha kugeuza dozi nzuri kuwa kidonda. Taa isiyo na kitana wala kishikilia umbali chochote, iache dukani.

Udhaifu wake ni eneo. Fanya hesabu kabla ya kutoa pesa. Kiganja chako pamoja na vidole ni karibu asilimia 1 ya ngozi yako, na kwa mtu mzima asilimia 1 ni kama sentimita za mraba 170. Chukulia dirisha la sentimita za mraba 40: kila kiganja kimoja cha mabaka kinadai kuiweka taa mara nne au zaidi. Mwenye viganja vitatu vya mabaka ana vituo 13. Kwa taa yenye miliwati 5, dozi ya kuanzia ya ngozi ya kahawia, milijuli 350 (jumla ya mwanga kwa kila sentimita ya mraba), ni sekunde 70 kwa kituo, kwa hiyo kipindi chote ni robo saa. Inavumilika. Lakini dozi hupanda kila kipindi, na wiki ya sita, ikifika 1370, kila kituo kitataka dakika 4 na sekunde 34, na kipindi kizima karibu saa nzima. Mwenye viganja kumi kwa hesabu hiyohiyo atashika taa zaidi ya saa tatu, mara tatu kwa wiki. Hakuna afanyaye hivyo kwa miezi mitatu. Ndiyo maana nasema viganja vitatu, labda vinne, ndio mpaka wa taa hii, na muuzaji anayeiuza kwa mwili mzima hajawahi kuifanya hesabu.

Kuna tatizo jingine la vituo: mapindano. Kingo za kituo kimoja zikipanda juu ya kingo za jirani, ule mstari wa katikati unapata dozi mara mbili, na kwa kawaida mstari huo uko kwenye ngozi nzima pembeni mwa baka. Ngozi nzima huungua mapema kuliko baka, kwa sababu baka ni nene na lina magamba. Dawa yake ni kipande cha kitambaa kizito cha rangi ya giza kilichokatwa tundu la ukubwa wa baka. Kanga mbili zilizokunjwa pamoja zinafaa. Kipe kila baka tundu lake, na mpangilio uwe uleule kila mara: kiwiko cha kushoto, cha kulia, goti la kushoto, la kulia. Anayerukaruka husahau alipopita na kurudia.

Paneli ya kusimama inaondoa adha hiyo yote. Solarc ya Ontario, Kanada, ina E-Series, yenye tyubu ndefu za wati 100 za karibu futi sita. Kinachonivutia kwake ni kwamba inaongezeka: unanunua kifaa kikuu chembamba, na ukipata pesa baadaye unaunganisha vipande vya pembeni hadi mwanga ukuzunguke. Kina swichi ya ufunguo, na katika nyumba yenye watoto hilo si pambo. Watoto hudhani taa ya samawati ni mchezo, na ufunguo unaokaa mfukoni mwa mama ndio kinga pekee inayofanya kazi wakati hayupo.

Kasoro ya paneli nyembamba ni muda. Kifaa chenye miliwati 2.5 pale unaposimama kitataka dakika 2 na sekunde 20 kwa milijuli 350, na dakika 9 na sekunde 8 kwa 1370. Hizo ni za upande mmoja. Mbele na nyuma ni dakika 18, na ukiongeza ubavu fuata jedwali la mtengenezaji, maana ubavu tayari umepata mwanga kidogo kutoka pande zote mbili. Simama kwenye alama iliyobandikwa sakafuni kwa umbali ulioandikwa kwenye kitabu cha kifaa, usipunguze hatua ukidhani unaharakisha. Kitambi, matiti, makalio na viwiko vilivyochomoza viko karibu na tyubu kuliko miguu, na ndivyo vinavyoungua kwanza. Miguu ya chini kwa upande wake hupona polepole kuliko kifua, kwa hiyo wengine husimama kwenye kistuli imara sehemu ya mwisho ya kipindi huku wamefunika kiwiliwili, ili miguu ipate ziada kidogo. Fanya hivyo kwa idhini ya daktari tu.

Daavlin 7 Series ya Ohio, Marekani, ni paneli yenye mabawa mawili yanayokunjwa. Ukiyafungua unasimama katikati, mwanga unafika mbele na ubavuni kwa pamoja, halafu unageuka. Ni kubwa, ni nzito, inataka kona yake ndani ya chumba. Ila ndiyo iliyopimwa vizuri zaidi. Utafiti wa LITE ulioongozwa na Joel Gelfand wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliochapishwa 2024, ulikuwa na wagonjwa 783 katika vituo 42 vya Marekani, nusu wakitumia mwanga nyumbani na nusu kliniki. Baada ya wiki 12, ngozi ilikuwa safi au karibu safi kwa asilimia 32.8 ya wa nyumbani na asilimia 25.6 ya wa kliniki. Walioona ugonjwa umeacha kuwasumbua sana maishani walikuwa asilimia 52.4 kwa 33.6. Mwanga ni uleule. Tofauti ni kwamba wa nyumbani waliokamilisha vipindi vyao walikuwa wengi zaidi kuliko wa kliniki. Kabla ya hapo, utafiti wa Uholanzi wa 2009 wenye wagonjwa 196 nao ulikuta nyumbani si duni kuliko hospitali. Kwa hiyo yule daktari anayesema taa ya nyumbani ni kitu cha kujiliwaza anazungumza ya zamani.

Kidhibiti cha Daavlin kiitwacho ClearLink kinapokea dozi kwa milijuli, kisha chenyewe kinageuza kuwa muda, na daktari anaweza kukifungia idadi ya vipindi. Wengine huona ni kero. Mimi naona ni sababu nzuri ya kukichagua, hasa kama nyumbani kuna zaidi ya mtu mmoja mwenye tatizo la ngozi na ushawishi wa kuazimana dozi ni mkubwa.

Kuhusu malipo: Marekani taa hizi zinatolewa kwa cheti cha daktari, na bima huzitambua kwa misimbo E0691 kwa taa ya eneo dogo, E0692 kwa paneli ya futi nne, E0693 kwa paneli ya futi sita, na E0694 kwa kabati la futi sita. Itaje misimbo hiyo unapopiga simu bima. Ukiuliza tu "taa ya ngozi" utajibiwa kuwa ni kifaa cha urembo. Uingereza tiba ya mwanga hospitalini ni bure kupitia NHS, huduma ya afya ya umma, ukipewa rufaa, na Dundee huko Uskoti hospitali ya Ninewells imekuwa ikiwapa wagonjwa taa za kwenda nazo nyumbani. Uliza kwanza kama eneo lako lina mpango kama huo kabla ya kutoa akiba yako.

Sasa dozi, ambako ngozi nyeusi inahitaji maelezo yake. Miongozo ya madaktari wa ngozi wa Marekani hupanga ngozi katika aina sita. Ya kwanza, nyeupe inayoungua daima, huanza na milijuli 130 na kuongezewa 15 kila kipindi. Ya tano, ya kahawia, huanza na 350 na kuongezewa 60. Ya sita, nyeusi sana, huanza na 400 na kuongezewa 65. Kifaa kinachokuja na jedwali la ngozi nyeupe pekee kitampa Mwafrika dozi ndogo mno, naye atakaa miezi miwili bila kuona kitu na kukiita kifaa bovu. Hili ni jambo la kwanza kulikagua kwenye kitabu cha maelekezo: je, aina ya tano na ya sita zimo? Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawa milijuli kwa miliwati za kifaa, unapata sekunde. Milijuli 400 kwa miliwati 5 ni sekunde 80.

Vipindi ni vitatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bila siku mbili kufuatana. Sababu ni kwamba muunguzo wa UVB haujitokezi hapohapo. Unafika kileleni kati ya saa 8 na 24 baadaye, kwa hiyo anayerudia kesho yake asubuhi anaongeza moto juu ya moto asiouona bado.

Na kutouona ndiko hatari yetu. Vitabu vyote vinasema "angalia wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi, au unaonekana kama weusi uliozidi kidogo. Tumia mkono badala ya jicho. Kesho yake, weka mgongo wa kiganja juu ya ngozi nzima karibu na baka, kisha mahali ambapo taa haikupita. Joto zaidi? Ngozi inavuta, inachoma nguo ikigusa, inawasha kwa namna mpya, inauma ukiibonyeza? Huo ni muunguzo, hata kama rangi haijabadilika. Joto dogo lililokwisha kabla ya kipindi kinachofuata, rudia dozi ileile bila kuongeza. Maumivu au malengelenge, acha kabisa hadi yapone, mpigie daktari, na ukirudi anza na nusu. Andika kila kipindi kwenye daftari: tarehe, milijuli, sekunde, na hali ya ngozi kesho yake. Daktari atakayepokea daftari hilo atakuhudumia vizuri kuliko atakayepokea simulizi.

Mabaka kwenye ngozi yetu nayo ni ya zambarau au kijivu, si mekundu kama picha za mtandaoni. Yakipona huacha alama nyeusi au nyeupe inayokaa miezi. Watu wengi huendelea kuipiga mwanga alama hiyo wakidhani ni ugonjwa. Pitisha kidole: kama pamelainika, hapana gamba wala kingo iliyoinuka, soriasisi imekwisha hapo na kilichobaki ni rangi. Mwanga zaidi utaizidishia weusi. Na ngozi nzima iliyopigwa mwanga nayo itakoza. Hilo lisimshtue mtu, hupungua tiba ikisimama.

Matokeo hayaji haraka. Vipindi 20 hadi 36 ndio wastani wa kawaida, na gamba hupungua kabla ya rangi kubadilika. Soriasisi ya vidoadoa vidogo vinavyotokea baada ya kuumwa koo huitika upesi. Viganja na nyayo huitika kwa shida kwa sababu ngozi yake ni nene, na kucha hazifaidiki, maana UVB haipenyi.

Maandalizi yanaamua nusu ya matokeo. Gamba kavu hurudisha mwanga nje. Oga maji ya uvuguvugu, kausha, paka mafuta ya mgando kidogo sana, utando tu, juu ya baka, hapo mwanga utapenya. Ukipaka mengi hadi ngozi inameremeta nyeupe, yanageuka pazia. Krimu yenye asidi ya salisiliki, inayotumika kulainisha gamba, isipakwe kabla, kwani yenyewe huchuja UVB. Iwe usiku uliotangulia na uoge. Kalsipotrioli, dawa ya kupaka ya soriasisi, iwe baada ya mwanga, kwa sababu UV huiharibu. Losheni za uso zenye kinga ya jua zitakufanya usimame mbele ya taa bure. Gamba usilikwangue kwa kucha wala jiwe la kuogea, ngozi ya soriasisi ikijeruhiwa hujibu kwa baka jipya.

Vaa miwani ya kinga iliyokuja na kifaa, si miwani ya jua. Mwanaume afunike sehemu za siri kila kipindi bila kukosa. Uso kama hauna mabaka, ufunike.

Kichwani ni kazi ya subira. Nywele ni kivuli, na nywele zetu zilizojikunja ni kivuli kizuri kuliko zote. Kunyoa kunasaidia sana. Asiyetaka kunyoa agawe nywele kwa mistari na kubana, apitishe kitana mstari kwa mstari, akikiacha kitulie muda wote wa dozi kila mahali badala ya kukisogezasogeza. Mistari ya nywele zilizosukwa kwa mafungu huacha njia zinazofikiwa na mwanga, lakini njia zilezile zinapata dozi zote na zilizofunikwa hazipati kitu, kwa hiyo badili mwelekeo wa kusuka, au fumua wakati wa tiba. Rasta na nywele za bandia zilizoshonwa zinazuia kabisa. Kwa mtu huyo, dawa ya kupaka itafika mahali ambapo taa haifiki.

Ukikosa vipindi, kuna kanuni. Siku 4 hadi 7, rudia dozi ya mwisho. Wiki 1 hadi 2, punguza robo: 1370 inakuwa kama 1030. Wiki 2 hadi 3, punguza nusu au anza upya. Zaidi ya wiki 3, anza upya. Hii inawagusa sana wanaorudi nyumbani Desemba. Mtu akitoka Minneapolis kwenda Mombasa wiki tatu anapata jua la bure, ngozi inaimarika, anarudi Januari na kuiwasha taa pale alipoachia. Asifanye hivyo. Pia aangalie vidonge vyake: doksisaiklini ya kujikinga na malaria huendelea kumezwa wiki nne baada ya kuondoka eneo la malaria, na ni dawa inayoifanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Hali kadhalika haidroklorothiazaidi ya presha, siprofloksasini na Septrin. Kila dawa mpya, hata ya wiki moja, itajwe kwa daktari kabla ya kipindi kinachofuata.

Wasiopaswa kugusa taa hizi ni wenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe), wenye ualbino, waliowahi kupata saratani ya ngozi ya melanoma, na wanaotumia siklosporini, dawa ya kupunguza kinga ya mwili. Mjamzito anaweza kutumia UVB ya ukanda mwembamba chini ya daktari, ila mwanga huu unaweza kushusha foleti mwilini, kwa hiyo mwanamke anayetarajia mimba ameze asidi ya foliki tangu mapema. Kuhusu saratani, utafiti wa Uskoti wa 2008 ulifuatilia watu 3867 waliotibiwa kwa mwanga huu na haukukuta ongezeko la wazi. Hata hivyo Uingereza hukagua ngozi kila mwaka kwa aliyevuka vipindi 500, na kwa mtumiaji wa nyumbani daftari lile ndilo litakalosema amefika wapi.

Upande wa umeme. Taa ya Marekani na Kanada ni ya volti 120 na herzi 60. Ukiichomeka Nairobi au London kwenye volti 230 hadi 240 utaiunguza, na transfoma ya kushusha volti hairekebishi herzi, kwa hiyo yenye choki ya sumaku (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) bado inaweza kupata moto. Anayefikiria kurudi nyumbani na kifaa chake anunue cha volti 230.

Chumba kiwe na joto. Tyubu za aina hii hupoteza nguvu kwenye baridi, na mwenye paneli iliyowekwa gereji au sakafu ya chini yenye nyuzi 8 anapata dozi pungufu kuliko aliyoihesabu. Siku akiihamishia chumbani, dozi ileile inamuunguza. Washa hita hadi nyuzi 20 hivi kwanza. Futa vumbi na mafuta kwenye tyubu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, plagi ikiwa imetoka na tyubu imepoa. Tyubu mpya ina nguvu kuliko iliyochoka: ukibadilisha, punguza dozi kwa asilimia 10 hadi 20, kisha panda tena. Haitatokea mara nyingi. Kwa paneli, saa moja kwa wiki kwa wiki 26 za baridi ni saa 26 tu, na tyubu hizi zinadumu mamia ya saa.

Ikivunjika, ina zebaki. Watoe watoto, fungua dirisha, kusanya vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa kunata, usitumie mashine ya kufyonza vumbi wala ufagio. Iliyovunjika na iliyokufa zote zinapelekwa kituo cha kuchakata, si kwenye pipa la kawaida.

Ngozi ikisafika kwa asilimia 95 hivi, usizime ghafla. Mwezi wa kwanza mara moja kwa wiki kwa dozi ileile; mwezi wa pili mara moja kila wiki mbili, dozi ikipungua robo; kisha mara moja kwa mwezi kwa nusu ya dozi ya juu uliyowahi kufika. Kwa aliyeanza Novemba, ratiba hiyo inamfikisha majira ya kuchipua, ambapo jua la nje linaanza kuwa na UVB tena na taa inaweza kufunikwa hadi Oktoba, ufunguo ukiwa umetolewa.